Barua Pepe Nyepesi: Namna ya Kuchuja Mapambo na Barua Taka Pale Mkondo wa Intaneti Unapokuwa Mwembamba

Na Mwandishi Wetu

Mwezi Mei, 2024 mawasiliano ya ukanda wa pwani ya kusini yalipata misukosuko miwili iliyofuatana. Tarehe 4 Kimbunga Hidaya kilifika katika pwani ya Tanzania eneo la Mafia, na mvua zilizoambatana nacho ziliikata barabara kuu ya Dar es Salaam–Lindi katika eneo la Somanga, wilayani Kilwa. Siku nane baadaye, Jumapili ya tarehe 12, mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilipata hitilafu katika eneo la bahari kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na huduma ya intaneti ikadorora nchini.

Kata ya Pande ipo katika ukanda huo wa pwani, kusini mwa Kilwa Masoko yalipo makao makuu ya wilaya, na wakazi wake ni wakulima wa korosho na ufuta pamoja na wavuvi. Barabara inapokatika Somanga, karatasi kutoka Dar es Salaam haifiki Pande kwa gari. Mkondo wa intaneti unapobanwa, barua pepe inayoibeba taarifa hiyohiyo inafika kwa kuchechemea, au haifiki kabisa kabla ya simu kuzimika chaji. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo siku za kawaida hakuna anayelijali: katika kipimo kidogo kilichobaki, ni kitu gani kinachopita? Sehemu kubwa ya kinachopita ni nembo, picha, rangi, marudio ya barua za zamani, na barua taka ambazo hakuna aliyeziomba. Makala haya yanaeleza uzito huo unatoka wapi, na namna ya kuuchuja kabla haujafika kwenye koki ya mwisho.

Bomba kubwa na koki ya mwisho

Kipimo data ni wingi wa taarifa unaoweza kupita katika njia ya mawasiliano kwa sekunde moja. Mfano wa maji unatosha: bomba la nusu inchi halitoi maji ya bomba la inchi nne, hata ukifungua koki yote.

Mkongo wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, na EASSy kuanza kazi mwaka 2010, Tanzania iliacha kuitegemea setilaiti kwa sehemu kubwa ya intaneti yake. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukausambaza uwezo huo mikoani. Bomba kubwa, kwa maneno mengine, limejengwa. Lakini mwananchi hakingi maji kwenye bomba kubwa. Anakinga kwenye koki ya mwisho, na kwa kijiji koki hiyo ni mnara wa simu unaogawanwa na wote walio chini yake. Minara mingi ya vijijini ilianza na huduma ya 2G, inayotosha kupiga simu na kutuma ujumbe mfupi, lakini ni nyembamba mno kwa intaneti. Mradi wa Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF) uliotiwa saini Dodoma tarehe 13 Mei, 2023, wa kujenga minara 758 katika kata 713, ulihusisha pia kuongeza uwezo wa minara 304 kwa sababu hiyohiyo.

Hata penye 4G, mnara ukielemewa na watumiaji, au mawingu yakitanda na umeme ukakatika, mtu hujikuta amerudi kwenye kasi ya miaka ya nyuma. Barua pepe ya ofisi inapaswa kuandikwa kwa kumfikiria mtu huyo.

Hesabu yenyewe ni hii. Tahadhari ya maneno 200 ya Kiswahili, ikiandikwa kwa maandishi matupu, ina takriban baiti 1,400. Ukijumlisha kichwa cha barua, yaani zile mistari za njia iliyopitia ambazo msomaji hazioni, mara nyingi haizidi kilobaiti 10. Katika mkondo wa kilobiti 40 kwa sekunde, ambao ni wa kawaida kwa 2G, barua hiyo hushuka kwa sekunde 2. Sasa chukua tahadhari ileile, ichapishwe, igongwe mhuri, iskaniwe kwa rangi na kuambatishwa kama faili la megabaiti 1. Maneno ni yaleyale 200. Katika mkondo uleule itahitaji zaidi ya dakika 4 na nusu, ikiwa mtandao hautakatika katikati na kulazimisha kuanza upya.

Kwa nini dakika 4 na nusu, ilhali megabaiti 1 kwa kasi hiyo ingepaswa kuchukua chini ya dakika 3 na nusu? Jibu limo katika historia ya barua pepe yenyewe. Kanuni za kusafirisha barua pepe zilizotolewa mwaka 1982 zilitengenezwa kwa ajili ya herufi tu. Njia ile haikujua picha wala sauti. Mwaka 1992, Nathaniel Borenstein na Ned Freed walitoa utaratibu uitwao MIME, ulioruhusu picha, sauti na faili la aina yoyote kusafiri ndani ya barua, kwa kuligeuza kwanza kuwa herufi. Ugeuzaji huo una gharama: kila baiti tatu huandikwa kwa herufi nne, hivyo kiambatisho huongezeka uzito kwa zaidi ya theluthi moja kabla hakijaondoka ofisini. Faili la megabaiti 1 husafiri likiwa na karibu megabaiti 1.37. Watumishi wengi wanaoambatisha faili kila siku hawajawahi kuelezwa jambo hili.

Mapambo yanayosafiri bila nauli

Barua iliyopambwa kwa rangi, majedwali na herufi za aina mbalimbali huandikwa kwa lugha ya HTML, ileile inayotumika kutengeneza tovuti. Kwa kuwa mtumaji hajui kama mpokeaji anaweza kuisoma, programu nyingi hutuma barua hiyo mara mbili ndani ya bahasha moja: nakala ya maandishi matupu, na nakala yenye mapambo. Msomaji huona moja. Mkondo hubeba zote mbili. Mara nyingi mapambo hayo, yaani maelekezo ya rangi, ukubwa wa herufi na nafasi za pembeni, huwa marefu kuliko ujumbe unaopambwa.

Kero kubwa zaidi katika ofisi, kwa maoni ya mwandishi, ni nembo iliyo ndani ya saini. Nembo moja ya kilobaiti 100 haionekani kuwa na tatizo. Lakini ichukulie kamati ya watu 30 inayopanga tarehe ya kikao kwa barua pepe, kila mmoja akijibu kwa wote kwa neno moja, “Nimepokea”, na chini yake nembo. Kila jibu linafika kwa wajumbe 29. Majibu 30 ni barua 870, na nembo peke yake imekula zaidi ya megabaiti 110 kwa jumla, ili kupeleka neno moja. Ongeza desturi ya kubeba chini ya kila jibu mazungumzo yote ya awali, na utaelewa kwa nini mjumbe aliye pembezoni hulalamika kuwa bando lake limekwisha bila yeye kufungua video hata moja.

Dawa ya hilo haihitaji mtaalamu. Saini iwe maandishi: jina, cheo, ofisi, namba ya simu. Kitufe cha “Jibu wote” kibonyezwe pale tu wote wanapohitaji jibu. Mazungumzo ya nyuma yafutwe, yabaki yale yanayojibiwa.

Kuhusu barua zilizoskaniwa, ni haki kukubali kwamba hazikuzuka bure. Mhuri na saini ndivyo vinavyomhakikishia Mtendaji wa Kata kuwa maelekezo ni ya kweli na kwamba atawajibika kuyatekeleza. Hata hivyo hakuna kinachozuia maneno yaleyale kuandikwa pia ndani ya barua pepe, na nakala yenye mhuri kuambatishwa. Aliye Pande atasoma maneno papo hapo, kisha atapakua kiambatisho atakapofika Kilwa Masoko au penye mtandao wa kutosha. Tena Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitambua saini ya kielektroniki, kwa hiyo safari ya kuchapisha, kusaini kwa kalamu na kuskani si lazima katika kila jambo. Kuna faida nyingine inayosahaulika: programu zinazowasomea wasioona kwa sauti haziwezi kuisoma picha ya barua kama zinavyosoma maandishi. Tangazo lililoskaniwa, kwa msomaji huyo, ni ukurasa mtupu.

Jambo hili si geni nchini. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla ya intaneti ya kawaida kufika, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kutumia HealthNet, mtandao wa shirika la SatelLife lililoanzishwa na daktari Bernard Lown wa Marekani. Barua za madaktari zilisafirishwa kwa setilaiti ndogo iliyozunguka dunia karibu na ardhi. Ilipopita juu ya kituo ilipokea barua, ikazibeba, ikazishusha ilipofika juu ya kituo kingine. Muda wa kila mapito ulikuwa wa dakika chache, hivyo kila herufi ilikuwa na thamani. Baadaye shirika hilo lilikuwa na huduma ya GetWeb: daktari alituma barua pepe yenye anwani ya tovuti, na seva ilimrudishia ukurasa huo ukiwa umevuliwa picha na mapambo yote, umebaki maneno. Uchujaji ulifanyika ng’ambo, penye mkondo mpana, na kilichopita kwenye mkondo mwembamba kilikuwa maneno matupu.

Kichujio kiwekwe upande upi

Hapo ndipo penye kiini cha jambo zima, na ndipo wengi wanapokosea. Mtu hununua programu ya kuzuia barua taka, akaisimika kwenye kompyuta ya ofisi, na kuona barua taka zikihamia kwenye folda yake. Ameokoa muda wa kusoma. Hajaokoa hata baiti moja ya mkondo, kwa sababu barua hizo zimeshasafiri, zimeshalipiwa, na zimeshatupwa. Ni sawa na kuchekecha mchele baada ya kubeba mawe kichwani kutoka shambani. Ili kichujio kiokoe mkondo, lazima kikae upande wa pili wa sehemu nyembamba: kwenye seva ya barua iliyo Dar es Salaam, Dodoma au nje ya nchi, kabla barua haijaanza safari ya kuelekea mnara wa kijiji.

Seva ina nafasi mbili za kuchuja. Ya kwanza ni wakati wa kubisha hodi. Seva ya mtumaji inapowasiliana na seva ya mpokeaji, hujitambulisha kwanza, ikataja anwani ya mtumaji na ya mpokeaji, ndipo iruhusiwe kumimina barua. Mlangoni hapo inaweza kukataliwa kabla haijatuma mwili wa barua. Orodha za seva zinazojulikana kwa kutuma taka zilianza kutumika kwa njia hiyo mwaka 1997 kwa kazi ya Paul Vixie wa Marekani, na mwaka uliofuata Steve Linford akaanzisha Spamhaus jijini London. Mbinu nyingine ni kumwambia mtumaji asiyefahamika arudi baada ya dakika chache. Seva halali hurudi. Mashine za kumwaga taka, zenye mamilioni ya anwani za kuhangaikia, mara nyingi hazikurudi.

Nafasi ya pili ni baada ya barua kupokelewa na kusomwa na mashine. Mwaka 2002 Paul Graham alieneza wazo la kuhesabu maneno: kichujio hujifunza kutoka kwa barua ambazo mwenyewe amezikubali na alizozikataa, kisha hukadiria uwezekano wa barua mpya kuwa taka. Uzuri wa njia hii ni kwamba haitegemei Kiingereza. Kichujio kikifundishwa kwa Kiswahili, kitaitambua “ile pesa itume kwenye namba hii”, au mwaliko wa kujiunga na chama cha siri ili kupata utajiri kwa usiku mmoja. Lakini kinafundishwa na nani? Na watumiaji wenyewe, kila wanapobonyeza kitufe cha kuripoti barua taka badala ya kufuta tu.

Kwa kuwa seva husoma barua nzima ndipo iamue, kazi hiyo nayo lazima ifanyike penye mkondo mpana. Taasisi za umma zina njia ya kufanya hivyo kupitia Mfumo wa Barua Pepe Serikalini unaosimamiwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao (eGA). Chama cha msingi cha ushirika, shule binafsi au kikundi cha wavuvi wanaotumia huduma za bure za barua pepe tayari wanapata uchujaji wa aina hii kwa watoa huduma wao. Wanachohitaji ni kurekebisha mambo machache kwenye simu.

La kwanza ni picha. Programu nyingi za barua pepe zina chaguo la kuuliza kabla ya kuonesha picha za nje, liwashwe. Pamoja na kuokoa bando, linaziba njia ya upelelezi: barua taka nyingi hubeba picha ndogo isiyoonekana kwa macho, ambayo ikipakuliwa humwarifu mtumaji kuwa anwani ile ina mtu na barua imefunguliwa. La pili ni viambatisho, ambavyo programu isiachwe ivipakue yenyewe nje ya Wi-Fi. La tatu ni kwa wanaotumia kompyuta: utaratibu wa IMAP huruhusu kushusha vichwa vya barua tu, yaani jina la mtumaji, mada na ukubwa, kisha mwenyewe akachagua ipi ishuke yote. Katibu wa chama anayesubiri taarifa ya mnada wa ufuta au korosho kutoka Chama Kikuu cha Ushirika cha Lindi Mwambao hana sababu ya kushusha kwanza matangazo 40 ndipo aifikie hiyo moja.

Sheria inasemaje

Barua taka ya kwanza inayokumbukwa ilitumwa Mei 1978 na Gary Thuerk, mtu wa mauzo wa kampuni ya kompyuta ya Marekani, kwa watu karibu 400. Wapokeaji walikasirika, na yeye aliuza mashine. Tangu siku hiyo kukasirika peke yake hakujawahi kutosha.

Nchini, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 20, inakataza kuanzisha au kusambaza ujumbe usioombwa kwa nia ya kutenda kosa chini ya sheria hiyo, na kughushi taarifa za kichwa cha ujumbe wa aina hiyo. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 3, au mara tatu ya faida iliyopatikana, kutegemea ipi ni kubwa, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Kwa matangazo ya biashara, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki inataka ridhaa ya mlaji na nafasi ya kujitoa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inampa mwananchi haki ya kumtaka anayehifadhi taarifa zake aache kuzitumia kwa kumtangazia biashara.

Haki ya kujitoa itumike kwa akili. Kiungo cha kujitoa kilicho chini ya barua ya kampuni uliyowahi kufanya nayo biashara ni salama kukibonyeza. Kilicho chini ya barua ya mtu usiyemjua ni mtego wa kuthibitisha kuwa upo; barua hiyo iripotiwe kuwa taka na iachwe. Ujumbe mfupi wa utapeli kwenye simu una njia yake: namba iliyoutuma ipelekwe kwa ujumbe kwenda 15040, utaratibu uliowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA).

Barua inayodai kutoka Serikalini itazamwe anwani yake hadi mwisho, ambapo panapaswa kuwa na .go.tz, na si neno hilo kuwekwa katikati ya anwani nyingine. Anwani ya mtumaji inaweza kughushiwa, ndiyo maana seva zilizowekwa vizuri hukagua pia kama seva iliyotuma imeruhusiwa na mwenye anwani. Taasisi ambayo haijafanya mpangilio huo hujiumiza mara mbili: matapeli huweza kulivaa jina lake, na barua zake za kweli hutupwa pamoja na taka.

Hatari hiyo ya mwisho si ndogo. Kichujio hukosea, na kosa lake halipigi kelele. Barua inayoitisha usaili, majibu ya zabuni au tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), ikiwa na mada iliyoandikwa kwa herufi kubwa tupu, alama tano za mshangao na kiambatisho kizito kisicho na neno hata moja ndani ya barua, ina sura ileile ya taka kwa jicho la mashine. Mtumaji aandike mada iliyo wazi, kwa mfano “Tahadhari ya upepo mkali na mawimbi, Kilwa na Lindi”, na ujumbe wenyewe uwe ndani ya barua. Tahadhari ya maisha isitegemee barua pepe peke yake. Redio na ujumbe mfupi hupita hata pale intaneti isipopita.

Mpokeaji naye apitie folda ya taka angalau mara moja kwa wiki, akitazama majina na mada bila kufungua barua. Gmail, kwa mfano, hufuta kabisa kilichomo ndani ya folda hiyo baada ya siku 30, na barua halali iliyopitishwa huko kimakosa ikishafutwa hairudishwi.